Ndege za Vita kwenye Njia ya Misafara: Tabora na Magharibi ya Tanzania, 1914–1979

Kiswahili hutenganisha ndege wa porini na ndege ya vita kwa sarufi tu. Ndege ameruka, ndege imeruka. Jina ni lile lile, ila wa kwanza ana roho na ya pili ina injini. Neno la kuazima, eropleni, lilijaribiwa miaka ya zamani na halikushika, kwa sababu watu walikwisha kukipa chombo hicho jina walilokuwa nalo mdomoni. Katika nchi za magharibi ya Tanzania, ambako njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji, ndege za namna hii ya pili zilifika mwaka 1916. Reli ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwezi Februari 1914. Kwa hiyo mtu mzima wa mitaa ya mji wa Tabora, kama Gongoni au Kanyenye, aliweza katika umri mmoja kuwa amebeba pembe za ndovu hadi pwani, kisha akapanda treni, kisha akasikia habari za chombo cha Wazungu kinachopita mawinguni na kuangusha moto.

Ndege ya kivita, kwa maana kamili, ni ile iliyoundwa kuwinda ndege nyingine: nyepesi, ya kasi, yenye rubani mmoja na bunduki ya rashasha mbele yake. Chombo hicho hakikuwapo vita vilipoanza Agosti 1914. Wakati huo ndege ilikuwa jicho la jeshi tu. Rubani na mtazamaji walipanda kuangalia adui amelala wapi, wakarudi kueleza. Marubani wa pande mbili walipokutana angani walifyatuliana bastola, mara nyingi bila kudhuriana. Kikwazo kilikuwa rafadha, kwa kuwa rashasha ikielekezwa mbele, risasi huikata rafadha ya ndege yenyewe. Katikati ya mwaka 1915 Wajerumani walifunga kwenye ndege za Fokker mtambo uliounganisha rashasha na mzunguko wa injini, risasi ikawa inatoka pale tu bawa la rafadha linapokuwa limeupisha mtutu. Tangu hapo anga la Ulaya likawa uwanja wa mapambano, na rubani aliyeangusha ndege 5 akahesabiwa kuwa bingwa.

Afrika Mashariki haikuona mapambano ya aina hiyo katika vita vile vya kwanza, kwa sababu upande mmoja haukuwa na ndege za kupigana. Ndege waliyokuwa nayo Wajerumani Dar es Salaam ilikuwa ya Bruno Büchner, rubani wa maonyesho. Alikuja kwa ajili ya sherehe zilizopangwa kufanyika Agosti 1914 kuadhimisha kukamilika kwa reli ya Kigoma. Vita vikazifuta sherehe, ndege ikatwaliwa na jeshi, na ikaharibika kabla haijafanya kazi yoyote ya maana. Kilichobaki ni vita vya ndege dhidi ya nchi yenyewe: joto lake, unyevu wake, miti yake, na umbali wake.

Somo la kwanza lilitoka katika delta ya Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha ndani ya mikondo ya Rufiji, nyuma ya mikoko. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia humo kwa sababu maji ni machache, na kutoka baharini haikuonekana. Ndipo wakamwajiri raia, H. Dennis Cutler, aliyekuwa akifanya maonyesho Durban kwa ndege ya majini aina ya Curtiss. Chombo chake kilivuja, rejeta ya injini ikaharibika, na ikabidi kuitafutia nyingine Mombasa, kwenye gari la Ford. Kwa rejeta hiyo ya gari Cutler aliiona Königsberg mwezi Novemba 1914. Mwezi uliofuata injini ilimzimikia, akashuka mtoni na kutekwa.

Ndege zilizoletwa baadaye hazikuwa na nafuu. Zile za Sopwith zilizofika Februari 1915 zilikuwa za mbao, kitambaa na gundi. Gundi ikalegea kwa joto, na injini zikashindwa kuzipandisha juu vya kutosha zikiwa na bomu na mtazamaji. Hatimaye, kutoka kiwanja kilichofyekwa kisiwani Mafia, ndege za magurudumu zilifanya kazi iliyotakiwa: kuziongoza kwa simu ya upepo meli mbili za maji machache, Severn na Mersey, zilizokuwa zikipiga mizinga bila kumwona adui. Tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mtazamaji H. J. Arnold walikuwa juu ya delta wakati Königsberg ilipoipiga injini yao. Ndege ikaanza kushuka bila nguvu. Katika kushuka huko Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha hadi walipoanguka majini karibu na Mersey, naye ndiye aliyemchomoa Cull kwenye kiti. Siku hiyo hiyo Wajerumani waliizamisha manowari yao wenyewe. Mizinga yake waliiopoa, wakaisambaza nchi nzima, na mmojawapo ukasafirishwa kwa reli, kupitia Tabora, hadi Kigoma.

Huko Kigoma ulifungwa kwenye meli Graf von Götzen. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa upya kando ya ziwa na kushushwa majini Februari 1915. Kwa ukubwa wake ililitawala Ziwa Tanganyika. Waingereza walijibu kwa kukokota boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kupitia Kongo. Boti hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani Desemba 1915 na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 1916. Götzen zilishindwa hata kuikaribia. Kwa hiyo Wabelgiji, waliokuwa wakijiandaa kuvuka kutoka Kongo, waliomba ndege.

Wizara ya majeshi ya majini ya Uingereza iliwaazima ndege 4 za majini aina ya Short 827. Hizi hazikuwa ndege za kupambana. Zilikuwa vyombo vya watu wawili, vyenye injini moja ya Sunbeam na maboya makubwa badala ya magurudumu, vilivyokusudiwa kupeleleza na kutupa mabomu. Safari yake kufika ziwani inastahili kuelezwa kuliko mbio zake angani. Zilishushwa Matadi zikiwa kwenye masanduku, zikapanda treni hadi Kinshasa, zikapakiwa kwenye meli za mto Kongo hadi Kisangani, kisha treni, kisha meli, kisha treni tena, kila maporomoko yalipoukata mto, mpaka reli ya Kabalo ilipoishia kwenye ziwa, mahali panapoitwa Kalemie leo. Kila kituo kilihitaji watu wa kupakua na kupakia. Bawa la ndege si zito, lakini ni refu na ni jepesi kupasuka. Mpagazi aliyezoea frasila mbili za shanga au nguo, mzigo unaojulikana namna ya kuusawazisha begani, hapa alikabidhiwa kitu kisichokuwa na mahali pa kushikwa.

Ziwa Tanganyika lilikuwa na mawimbi makali mno kwa maboya ya Short. Marubani walihamia Tungwe, ziwa dogo lililo kando ya lile kubwa, na hapo ndipo, tarehe 14 Mei 1916, rubani Mbelgiji Aimé Behaeghe aliporusha ndege ya kwanza. Tarehe 10 Juni yeye na mtazamaji wake Collignon walivuka ziwa na kuishambulia Götzen ikiwa bandarini Kigoma. Mashambulizi mengine yalifuata Juni na Julai. Madhara kwa meli yalikuwa madogo. Ila kwa Wajerumani ishara ilikuwa dhahiri: bandari iliyokuwa salama nyuma ya kilomita nyingi za maji sasa ilifikiwa kwa muda mfupi kuliko mtumbwi unavyotoka Ujiji kwenda kuvua na kurudi. Mzinga wa Königsberg ulikuwa umekwisha kuondolewa melini na kupelekwa kupigana nchi kavu. Tarehe 26 Julai 1916 mafundi wa Kijerumani waliipaka injini ya Götzen grisi nzito na kuizamisha kwa makusudi karibu na mlango wa Malagarasi. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma. Waingereza waliiopoa meli hiyo mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Behaeghe hakuishi kuona mwisho wa vita. Alifia Niemba, Kongo, Desemba 1916. Katika orodha za marubani wa vita vile jina lake halina hesabu ya ushindi, kwa kuwa hapakuwa na ndege ya kuangushwa. Lakini mashambulizi yake ni miongoni mwa machache ya kipindi hicho yaliyoonekana moja kwa moja kwenye ramani.

Baada ya Kigoma, Wabelgiji waliifuata reli kuelekea mashariki, huku kikosi chao kingine kikishuka kutoka kaskazini. Hapa ndege zilibaki nyuma. Chombo chenye maboya kinahitaji maji, na kati ya Ziwa Tanganyika na Tabora kuna miombo, mbuga kavu na visima vya kuhesabika. Wapagazi wa misafara walikuwa wakivijua visima hivyo kimoja kimoja kwa majina. Jeshi la Wabelgiji chini ya Jenerali Charles Tombeur, ambalo askari wake karibu wote walikuwa Wakongo, lilipigana kwa miguu na kulishwa kwa vichwa vya wapagazi. Mapigano makali yalitokea Lulanguru na Itaga, karibu na mji, katika nusu ya kwanza ya Septemba 1916. Tabora ilitekwa tarehe 19 Septemba. Jenerali Wahle wa Wajerumani aliondoa majeshi yake kuelekea kusini, akiacha mji ambao katika miezi yake ya mwisho ulifanywa makao ya serikali ya Kijerumani, na hata ukajipigia sarafu zake katika karakana ya reli: za shaba, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya ndovu. Siku hizi ndovu huyo hutafutwa na wakusanyaji wa sarafu dunia nzima.

Upande wa mashariki, kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza, kilichokuwa na marubani wengi kutoka Afrika Kusini, kilifika Mombasa mwishoni mwa Januari 1916 na kupiga kambi Mbuyuni. Kilikuwa na ndege za B.E.2c na Henri Farman. Farman, kwa kuwa kiunzi chake kilikuwa cha chuma, ilistahimili hali ya hewa kuliko mbao za B.E.2c. Kikosi hicho kilimfuata Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Waingereza, kuelekea kusini kikiruka kutoka uwanja mmoja uliofyekwa hadi mwingine, na kazi yake iliyo ngumu kabisa ilikuwa kuwatafuta askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, chini ya majani ya miti. Mara nyingi hakikuwaona. Wajerumani nao walijaribu kuitumia anga mara moja: Novemba 1917 puto kubwa la injini, L59, liliondoka Bulgaria likiwa na shehena ya Lettow-Vorbeck, likageuzwa njia likiwa juu ya Sudan, na kurudi lilikotoka baada ya saa 95 na kilomita karibu 6,800. Lettow-Vorbeck hakupata hata mkebe mmoja. Hesabu ya kweli ya vita hivi iko kwa wapagazi, ambao makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na malaria. Jina la kikosi chao, kwa Kiingereza, ndilo lililoacha neno Kariakoo mjini Dar es Salaam.

Vita vilipokwisha Novemba 1918, Uingereza ilibaki na marubani wengi na ndege nyingi kuliko kazi. Ndoto ya kuunganisha Cairo na Cape Town, ambayo reli haikuitimiza, ikahamishiwa angani. Mwaka 1919 vikundi vitatu vya wapimaji vilitumwa kutafuta na kufyeka viwanja. Kikundi cha katikati kilipewa sehemu ya kutoka Nimule, kusini mwa Sudan, hadi Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo katika Zambia, na Tabora ikawa kituo muhimu cha sehemu hiyo. Sababu ni ile ile iliyowafanya wafanyabiashara Waarabu na watemi wa Unyanyembe wakutane hapo karne ya 19: maji, chakula, na njia zinazogawanyika. Reli iliongeza sababu nyingine, kwani petroli na vipuri vingefika kwa treni kutoka Dar es Salaam.

Adui mkubwa wa viwanja hivi alikuwa mchwa. Nchi ya miombo imejaa vichuguu, na kichuguu kikubwa hakiondolewi kwa jembe la siku moja. Udongo wake umeshikamana kama saruji, ndiyo maana wenyeji huutumia kukandikia nyumba na kufyatulia matofali. Huko Ndola, kwenye njia hiyo hiyo, watu wapatao 700 walifanya kazi miezi mitano na kuondoa karibu tani 25,000 za udongo wa vichuguu. Nao mchwa hawahami kwa kuvunjiwa nyumba. Uwanja ulioachwa msimu mmoja huota vichuguu vipya. Maandishi ya marubani wa miaka hiyo yanawasifu wapimaji, na wapimaji wenyewe waliwategemea vibarua waliolipwa kwa siku. Majina ya vibarua hao hayakuvuma.

Mapema mwaka 1920 ndege kadhaa ziliingia katika mashindano ya kuwa ya kwanza kufika Cape Town. Mbili kati yake zilikuwa Vickers Vimy, ndege ya injini mbili iliyoundwa ili kuipiga Ujerumani kwa mabomu na iliyochelewa kutumika vitani. Ndiyo aina iliyovuka bahari ya Atlantiki mwaka 1919. Ya kwanza ililipiwa na gazeti la The Times la London, ikaondoka Uingereza tarehe 24 Januari. Marubani wake walikuwa Stanley Cockerell na Frank Broome, wakiwa na mafundi wawili na msafiri mmoja, Peter Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama na katibu wa chama cha bustani ya wanyama ya London. Ya pili, Silver Queen, ilirushwa na Waafrika Kusini wawili, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand.

Hawa ndio marubani wa ndege za kivita hasa walioletwa na anga katika nchi hizi. Cockerell alipigana Ufaransa katika ndege ya D.H.2, ile yenye rafadha nyuma ya rubani, iliyobuniwa kabla Waingereza hawajapata mtambo wa kupitisha risasi katikati ya rafadha. Alihesabiwa ushindi wa mara 7. Brand alihesabiwa 12. Cockerell, Broome na Brand wote walipitia kikosi cha 151, cha ndege za Sopwith Camel, kilichofanya kazi iliyoonekana karibu haiwezekani: kuwinda usiku, kwa macho matupu, ndege kubwa za Kijerumani zilizokuja kupiga mabomu. Mtu aliyekwisha kutafuta adui gizani na kutua kwa mwanga wa mapipa ya moto hakuogopa safari ya mchana juu ya miombo. Alipaswa kuiogopa.

Ndege ya Times iliondoka Cairo tarehe 6 Februari, na tangu hapo injini zake hazikuacha kuvuja maji ya kupozea. Ilitua mara nyingi mahali ambapo haikupanga kutua. Ilifika Tabora mwishoni mwa Februari, na tarehe 27, ilipokuwa ikiondoka, injini moja ilikosa nguvu, ndege ikashindwa kupanda na kuanguka kando ya uwanja. Watu wote watano walitoka wazima. Ndege haikuruka tena.

Kilichotokea kinaelezeka. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi. Bawa linapata hewa kidogo ya kuegemea, rafadha inapata hewa kidogo ya kusukuma, na injini yenyewe inapata hewa kidogo ya kuchomea petroli. Ndege ileile yenye mzigo uleule iliyoondoka Uingereza kwa mwendo mfupi huhitaji uwanja mrefu zaidi Tabora, na injini mbili zilizo kamili. Rubani wa leo huhesabu hayo kabla ya kuwasha injini. Mwaka 1920 yalikuwa yakifundishwa na uwanja wenyewe. Siku nane baada ya ajali ya Tabora, tarehe 6 Machi, Silver Queen ya pili (ya kwanza ilivunjika kaskazini, na wakapewa nyingine Cairo) ilianguka hivyo hivyo ikiondoka Bulawayo, mji ulio juu zaidi ya Tabora. Van Ryneveld na Brand walipewa ndege ya tatu na kufika Cape Town tarehe 20 Machi 1920. Hivyo tuzo ya kuwa wa kwanza iliwaendea watu waliovunja ndege mbili.

Historia za marubani hao ziligawanyika. Brand, katika vita vya pili, aliongoza kanda ya kusini magharibi ya Uingereza katika ulinzi wa anga wa mwaka 1940. Cockerell aliendelea kujaribu ndege mpya za kampuni ya Vickers. Mtu huyu aliyenusurika mapambano ya Ufaransa, usiku wa ndege za mabomu na uwanja wa Tabora aliuawa Novemba 1940 akiwa raia wa kawaida nchini Uingereza, kwa bomu lililotupwa kutoka angani, pamoja na binti yake mdogo.

Tabora iliendelea kuwa kituo. Alan Cobham aliipitia katika safari yake ya kwenda Cape Town ya 1925–26, na mwaka 1926 zikapita ndege nne za Fairey za jeshi la anga la Uingereza, chini ya C. W. H. Pulford, kuonyesha kwamba kikosi kizima kinaweza kusafiri bara hili na kurudi. Aprili 1928 Lady Mary Bailey, akisafiri peke yake kwa kindege cha Moth, naye alikivunjia Tabora na kusubiri kingine. Zilipoanza safari za abiria za Imperial Airways mwanzoni mwa miaka ya 1930, njia ilipitishwa mashariki zaidi, Moshi, Dodoma na Mbeya, na Tabora ikapungua hadhi angani kama ilivyokuwa imepungua hadhi ya misafara reli ilipokuja.

Vita vya pili vya dunia havikufika Tabora kwa mabomu. Vilifika kwa uandikishaji wa askari, kupanda kwa bei na habari za redio. Mapambano ya angani yalikuwa kaskazini, kati ya Kenya na nchi zilizoshikwa na Waitalia. Siku chache baada ya Italia kuingia vitani Juni 1940, ndege zake zilipiga mabomu Wajir. Afrika Kusini ilileta vikosi vyake Kenya, na humo alitokea John Frost, rubani wa ndege ya kivita aina ya Hurricane aliyekuja kuwa bingwa wa kwanza kwa hesabu katika jeshi la anga la nchi yake. Tarehe 15 Machi 1941 alipigwa karibu na Diredawa, Ethiopia, akatua kwenye uwanja wa adui wenyewe. Mwenzake R. H. C. Kershaw alishuka huku risasi zikirindima, akamchukua, na kwa kuwa Hurricane ina kiti kimoja, walirudi mmoja amempakata mwenzake. Frost alipotea Afrika Kaskazini mwaka 1942.

Tanganyika nayo ilitoa rubani mmoja ambaye jina lake linajulikana kwa sababu nyingine. Roald Dahl, aliyekuja baadaye kuwa mwandishi wa hadithi za watoto, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam tangu 1938. Alijifunza Kiswahili, na mtumishi wake wa nyumbani alikuwa Mnyamwezi ambaye yeye alimfundisha kusoma na kuandika. Mwishoni mwa 1939 aliendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Urefu wake, karibu mita 2, ulimfanya akae ndani ya ndege ndogo ya mafunzo kichwa kikiwa juu ya kioo cha upepo. Kwa maelezo yake, kati ya wanafunzi 16 wa kundi lake waliobaki hai ni watatu. Septemba 1940 alivunja fuvu alipoanguka jangwani Misri na ndege ya Gladiator. Aprili 1941 alikuwa Ugiriki akirusha Hurricane katika kikosi cha 80, wachache dhidi ya mamia. Kumbukumbu zake, Going Solo, zilichapishwa 1986. Wenyeji wa Tanganyika hawakupewa nafasi ya kurusha ndege katika vita hivyo. Walipigana Burma kwa miguu.

Nafasi hiyo ilikuja baada ya uhuru. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa Septemba 1964. Wakanada walisaidia mafunzo na ndege za usafirishaji katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, kisha China ikachukua zamu, ikajenga kituo cha Ngerengere mkoani Morogoro na kuleta ndege za kivita za jeti zilizotokana na MiG za Kirusi. Hapo ndipo Watanzania walipokaa kwenye kiti cha rubani wa ndege ya kupambana, miongo mitatu baada ya Frost na Dahl.

Uganda ilikuwa na MiG pia. Julai 1976 makomando wa Israeli walipovamia Entebbe kuwaokoa mateka, waliziteketeza kadhaa zikiwa zimeegeshwa. Zilizobaki na zilizoletwa baadaye zilitumika Oktoba 1978, majeshi ya rais wa Uganda, Idi Amin, yalipoingia Kagera. Bukoba ilishambuliwa kwa mabomu. Ndege hizo zililenga pia daraja la Kyaka na kulikosa. Daraja lilivunjwa tarehe 3 Novemba kwa baruti iliyofungwa kwa mkono, na mtaalamu aliyetolewa katika migodi ya Kilembe. Tanzania ilijibu hasa kwa askari wa miguu, mizinga, na makombora ya begani yaliyozitisha MiG zisishuke chini. Silaha na watu vilisafirishwa kwa malori na kwa treni, na kila treni ya Mwanza hugeukia Tabora, mahali reli inapogawanyika.

Tarehe 29 Machi 1979 ndege kubwa ya mabomu ya Libya, Tu-22, iliyotumwa na kiongozi wa nchi hiyo, Gaddafi, kumsaidia Amin, ilipita juu ya Mwanza kulenga matangi ya mafuta. Mabomu yalianguka kwenye kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Siku chache baadaye, tarehe 7 Aprili, askari wa Tanzania waliuteka uwanja wa Entebbe, na kati ya mali walizozikuta hapo ni ndege za kivita za Uganda zikiwa zimeegeshwa, bila marubani.